Orodha yako ya drafti ya Vikings: andika nafasi kwanza, jina baadaye

Msimu ukiisha tu, theluji bado iko magotini huku Minneapolis, simu yangu inaanza kujaa majina. Sisi Wabongo na Wakenya wa huku tunaoishabikia Vikings, timu ya futiboli ya Kimarekani ya hapa Minnesota, tuna grupu letu la WhatsApp, na kuanzia Februari mpaka mwisho wa Aprili ni drafti tu, mchukueni huyu, hapana mchukueni yule, mwingine anatupia klipu ya sekunde kumi na tano dogo anaruka juu ya watu wawili halafu anaandika "huyu ndo wetu". Naupenda sana huo moto. Ila orodha iliyotoka kwenye klipu haikusaidii kuielewa timu yako, na usiku wenyewe ukifika jina lako likabebwa na timu nyingine unabaki mikono mitupu, unaangalia TV tu.

Hilo nlijifunza 2016. Nlimuweka Laquon Treadwell juu kabisa, mpokeaji (mdakaji wa pasi) kutoka chuo cha Ole Miss, kisa mikono yake, na Vikings wakamchukua kweli kwa piki ya 23, nikashangilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Msimu wake wa kwanza alidaka pasi moja. Pasi moja msimu mzima. Tangu hapo nikabadilisha namna ninavyoandika na hii ndo namna yenyewe, nakupa yote.

Kwa wale wageni, drafti hapa sio ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni siku tatu kila mwaka mwishoni mwa Aprili ambapo timu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zinagawana wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, raundi saba, timu mbovu inachagua kwanza na bingwa anachagua wa mwisho. Hakuna kununua kama usajili wa Simba na Yanga ambapo mwenye hela anamfuata anayemtaka. Hapa unasubiri zamu yako, na zamu yako inaitwa piki. Kwahiyo shabiki wa Yanga anaweza kuandika orodha ya watu kumi anaowatamani na wote kinadharia wakaja, ila wewe wa Vikings ukiandika watu kumi wa juu kabisa umepoteza wino wako, kwa sababu tisa kati yao watakuwa wameshaondoka kabla zamu yako haijafika.

Hesabu piki zako kabla ya kitu kingine chochote

Watu wanaruka hii hatua kila mwaka na ndo inayowaumiza. Mfano mzuri ni 2025. Vikings walishinda 14 wakapoteza 3 halafu wakatolewa na Rams mechi ya kwanza ya mtoano, na waliotolewa hatua hiyo wanapangwa kati ya piki ya 19 na ya 24, mwenye rekodi nzuri zaidi anaenda mwisho, ndo maana Vikings wakaangukia 24. Sawa, hiyo kila mtu aliijua. Sasa nikawa naona watu wanaandika mtu wa raundi ya pili na wa raundi ya nne, jamani, raundi ya pili haikuwepo! Ilishaenda Houston mwaka mmoja kabla, na ya tatu na ya nne zikaenda Jacksonville walipobadilishana nao ili wapande mpaka piki ya 17 kumchukua Dallas Turner 2024. Timu iliingia 2025 na piki nne tu, 24, 97, 139 na 187. Na hiyo 97 yenyewe ilikuwa ya fidia, waliipata kwa sababu Kirk Cousins aliondoka bure kwenda Atlanta.

Piki za fidia zielewe vizuri maana zinabadilisha hesabu. Timu ikipoteza wachezaji wengi waliomaliza mikataba kuliko iliowasaini, ligi inaipa piki za ziada mwishoni mwa raundi ya tatu mpaka ya saba, mwaka unaofuata. Ukiona mtu mkubwa ameondoka bure mwezi wa tatu usilie tu, andika pembeni kwamba mwakani kunaweza kuwa na kitu.

Kwahiyo chukua daftari, au jedwali la kwenye kompyuta kama unapenda, andika piki zote za timu yako kwa namba zake. Sio "raundi ya kwanza, raundi ya tatu", andika namba kabisa. Piki ya 65 na ya 102 zote ni za raundi ya tatu lakini hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Halafu nafasi, na hapa kaa sana

Hapa ndo penye kazi yote. Kabla hujaandika jina hata moja, pitia kikosi chako mtu kwa mtu na ujiulize maswali matatu: nani ameondoka, nani mkataba wake unaisha mwaka huu au ujao, na nani umri umemtupa mkono. Mikataba iko wazi mitandaoni, NFL haifichi. Mchezaji wa drafti anasaini miaka minne, na wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kumuongezea mwaka wa tano, ndo maana ukijua mtu alichukuliwa mwaka gani unaweza ukakisia ni lini atadai hela kubwa au ataondoka. Hapo unaona shimo kabla halijatokea.

Njia bora ya kujifunza ni kufanya mwaka uliopita kwanza, kama mtihani wa zamani unaojua majibu. Mi kila anayeniuliza namwambia aanze na Vikings wa 2020, hakuna mwaka unaofundisha kama ule.

Jifanye uko Machi 2020. Msimu uliopita timu ilishinda 10 ikapoteza 6, ikaenda New Orleans ikawatoa Saints kwao, halafu San Francisco wakaitandika 27-10. Piki yako ni ya 25. Sasa ndani ya wiki moja tu mambo yanabomoka: Xavier Rhodes ameachwa, Linval Joseph ameachwa, Josh Kline wa kwenye ukuta wa ofensi (wale wanaomlinda kwotabeki, mrusha pasi) naye ameachwa. Trae Waynes na Mackensie Alexander wote wameenda Cincinnati. Yaani ukiwajumlisha hao wawili na Rhodes, konabeki watatu uliowategemea, mabeki wa kuwakaba wapokeaji, hawapo, watatu! Everson Griffen naye amejitoa kwenye mkataba. Na juu ya hayo Stefon Diggs, aliyetaka kuondoka, amepelekwa Buffalo, na Buffalo wametoa furushi la piki ambalo kubwa yake ni ya 22.

Sasa andika. Usiandike jina, andika nafasi. Mtu akikaa na kikosi kile kwa utulivu anapata hivi: konabeki, tena zaidi ya mmoja. Mpokeaji wa kuziba pengo la Diggs, maana Adam Thielen alikuwa anaingia miaka 30. Mtu wa kushoto kwenye ukuta wa ofensi wa kuja kumrithi Riley Reiff. Mvamizi wa pembeni wa kumkimbiza kwotabeki. Mtu mnene wa katikati ya difensi.

Halafu linganisha na walichofanya. Piki ya 22 mpokeaji, Justin Jefferson. Wakashuka kutoka 25 mpaka 31, wakachukua konabeki, marehemu Jeff Gladney, aliyefariki kwa ajali ya gari 2022. Piki ya 58 Ezra Cleveland wa ukuta. Ya 89 konabeki tena, Cameron Dantzler. Ya 117 mvamizi wa pembeni, D.J. Wonnum. Ya 169 konabeki wa tatu, Harrison Hand. Unaona? Ukishika orodha ya nafasi tu, bila kujua jina la mchezaji yeyote wa chuo, ungekuwa umepatia karibu kila kitu meneja mkuu Rick Spielman alichofanya siku mbili za kwanza. Walichukua watu 15 mwaka ule, hakuna timu iliyowahi kuchukua wengi hivo tangu drafti iwe ya raundi saba, na wengi wao walianguka kwenye mashimo ambayo Machi yalikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu.

Mfano mwingine uko nje ya mchezo huu lakini Mtanzania yeyote ataushika haraka. Hasheem Thabeet 2009, NBA, namba mbili kwa Memphis, tukalia kwa furaha nchi nzima na bado najivunia lile jambo. Lakini angalia alipotua. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol, kijana, anaanza kila mechi, nafasi ile ile ya kati. Dogo wetu mrefu mita 2.21 alihitaji dakika za kucheza ili akue na timu haikuwa na dakika za kumpa. Wa tatu akachukuliwa James Harden, wa saba Stephen Curry. Kila nikikumbuka narudi kwenye daftari kuangalia kama nafasi niliyoandika ni shimo kweli au kuna mtu pale.

Nafasi zako zipange kwa uzito pia. Kwotabeki anapita wote, ukiwa huna basi mengine yanasubiri. Baada yake wanaomlinda, wanaomvamia wa upande wa pili, wapokeaji na konabeki, hao ndo timu zinawalipa hela ndefu na ndo wanaoisha haraka raundi ya kwanza. Mkimbiaji (anayebeba mpira), seifti (beki wa nyuma kabisa), lainibeka wa kati (anayesimama nyuma ya ukuta wa difensi), hawa unaweza kuwapata wazuri raundi ya pili na ya tatu. Sio sheria ya Musa. Adrian Peterson alikuwa mkimbiaji, piki ya 7 mwaka 2007, na nani Minnesota anajuta? Ila ukimuandika mkimbiaji kwenye piki yako ya kwanza uwe na sababu yenye uzito wa Peterson.

Sasa majina

Kwa kila piki andika majina matatu mpaka matano, sio moja. Na yawe majina ambayo kweli yanaweza kuwepo zamu yako ikifika. Mi nafanya hivi: nachukua orodha za wachambuzi kama kumi hivi wanaopanga wachezaji kuanzia 1 mpaka 100 au 200, naangalia kila mchezaji wastani wake ni wa ngapi. Kama piki yangu ni ya 24, wa kwangu ni wale wenye wastani kuanzia 15 mpaka 40 hivi. Aliye wa 5 simuandiki hata nikimpenda vipi, namuweka ukurasa wa nyuma, kama akiporomoka nitamkumbuka. Randy Moss aliporomoka mpaka 21 mwaka 1998, kwahiyo huo ukurasa wa nyuma usiutupe.

Kingine ni vipimo. Mwishoni mwa Februari kuelekea Machi wachezaji wanaenda Indianapolis kupimwa, wanakimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu, wanaruka, wanabeba chuma cha ratili 225. Mitandao inawaka moto. Tulia. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, ilikuwa rekodi, Bengals wakambeba wa 9, na msimu wake wa kwanza hakudaka hata pasi moja. Kasi inasaidia, sikatai, lakini itumie kuondoa watu, sio kuwapandisha. Yaani konabeki akikimbia taratibu sana mfute, ila akikimbia kama upepo usimuongeze nafasi kumi juu, rudi kamuangalie tena anavyocheza.

Na kumuangalia maana yake mechi nzima. Klipu za mazuri yake zinakuonyesha mtu siku ya harusi yake. Tafuta mechi tatu nzima, moja iwe dhidi ya timu ngumu na moja iwe aliyoboronga. Kama ni mpokeaji muangalie wakati mpira hauji kwake, anakimbia mpaka mwisho au anatembea? Kama ni wa ukuta angalia miguu, usiangalie mikono, akivamiwa kwa kasi pembeni miguu inarudi nyuma kwa hatua fupi fupi au inavukana? Konabeki muangalie akishafungwa tachidauni, pigo linalofuata anakaa mbali kwa woga au anarudi pale pale. Hizo ndo vitu shabiki wa kawaida anaweza kuviona bila kuwa skauti. Hali ya goti na bega lake sisi hatuwezi kuijua, madaktari wa timu ndo wanaoona, kwahiyo ukiona mtu anaporomoka bila sababu usikimbilie kusema timu zote ni za wajinga.

Rudi kwa Jefferson. Msimu wa 2019 pale chuo cha LSU alidaka pasi 111, yadi 1,540, tachidauni 18, akawa bingwa wa vyuo. Na bado wapokeaji wanne walichukuliwa kabla yake: Henry Ruggs wa 12, Jerry Jeudy wa 15, CeeDee Lamb wa 17, na Jalen Reagor wa 21 na Eagles, piki moja kabla yetu. Ruggs alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 4.27. Kuhusu Jefferson watu walisema huyu ni wa kuchezea katikati tu, pembeni akikabwa uso kwa uso hatoboi. Lakini aliyekaa akaangalia mechi alimuona anavyojua kupotea mbele ya beki, anabadilisha hatua mpaka beki anageuka upande usio wake. Msimu wa kwanza yadi 1,400. Mwaka 2022 yadi 1,809 na tuzo ya mchezaji bora wa ofensi. Ukiwa na majina manne ya wapokeaji kwenye piki ya 22 ulikuwa na Jefferson ndani. Ukiwa na jina moja, na jina hilo likawa Lamb, ulilala na huzuni usiku ambao timu yako ilipata mpokeaji bora wa kizazi kizima.

Majina ya kuepuka nayo yaandike. Ni watu ambao hata wakibaki mpaka zamu yako hutaki, na uandike kwa nini, kwa sentensi moja. Hiyo sentensi utaisoma miaka mitatu baadaye, na ndo itakayokunoa kuliko kitu kingine chochote.

Piki zinauzwa na kubadilishwa, weka mpango

Shabiki wa Vikings ana kidonda cha kale hapa. Mwaka 1989 timu ilimchukua mkimbiaji Herschel Walker kutoka Dallas Cowboys ikatoa wachezaji na rundo la piki za miaka kadhaa, na baadhi ya piki zile ziliwasaidia Cowboys kumpata Emmitt Smith na baadaye Darren Woodson, wakachukua Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi, tatu ndani ya misimu minne. Sisi mpaka leo hatuna hata moja.

Jimmy Johnson, kocha wa hao hao Cowboys, ndo aliyeacha chati ya kuthaminisha piki ambayo watu wanaitumia mpaka leo. Piki ya 1 ina pointi 3,000, ya 10 ina 1,300, ya 16 ina 1,000, ya 32 ina 590. Timu nyingi siku hizi zina chati zao za kisasa, ila hii ya Johnson inakutosha kuanzia. Jaribu na 2022. Vikings walikuwa na ya 12, wakawapa Detroit 12 na 46, wakapokea 32, 34 na 66. Piga hesabu: 1,200 na 440 ni 1,640 zilizotoka, halafu 590 na 560 na 260 ni 1,410 zilizoingia. Umetoa pointi 230 bure, tena kwa timu ya kundi lako unayokutana nayo mara mbili kila msimu! Detroit wakamchukua Jameson Williams. Seifti Kyle Hamilton, ambaye mashabiki wengi tulimtaka na alikuwa bado yupo kwenye 12, akaenda Baltimore wa 14, na sisi kwenye 32 tukachukua seifti pia, Lewis Cine. Kijana wa watu akavunjika mguu London mwezi Oktoba, mechi na Saints, na hakurudi kuwa yule tuliyemtarajia. Kuvunjika mguu hakuna wa kumlaumu. Lakini hesabu ile 230 ilionekana usiku ule ule, kabla hajagusa uwanja.

Kwahiyo kwenye orodha yako, chini ya kila piki, andika mistari miwili. Wa kwanza: nani akiwepo natulia, sishuki. Wa pili: kama watano wangu wote wameondoka nashuka mpaka wapi na nataka nini. Ile ya 2020 ya kushuka kutoka 25 mpaka 31, kwa Johnson ni pointi 720 kwa karibu 680, tulipoteza kidogo kwenye karatasi lakini zile piki mbili tulizoongezewa zikawa Wonnum na K.J. Osborn, wote wakacheza miaka. Mi hiyo naikubali, kwa sababu shimo lilikuwa la konabeki na konabeki walikuwepo wengi wa daraja moja. Ukiwa na watano wanaofanana shuka. Ukiwa na mmoja tu usiguse kitu.

Kupanda juu kunaruhusiwa kwa kwotabeki na kwa sababu chache nyingine, ila ukishaandika "napanda" lazima uandike na unachotoa. Orodha inayopanda bure ni ndoto za mchana.

Siku zenyewe

Alhamisi raundi ya kwanza, huku kwetu saa moja jioni, Dar na Nairobi ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwahiyo ndugu zangu wa nyumbani laleni mapema. Ijumaa raundi ya pili na ya tatu, inaanza saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Jumamosi ndo rahisi, raundi ya nne mpaka ya saba, inaanza saa moja jioni ya Afrika Mashariki.

Kila jina likitajwa, kata. Usikate la kwako tu, kata yote kwenye ile orodha ya wastani, ndo utaona nafasi ipi inakauka haraka na ipi bado imejaa. Konabeki wakianza kuondoka mfululizo kuanzia 15, basi unajua shimo lako la konabeki linakuwa la raundi ya pili na mtu wa ukuta anapanda juu. Muda wenyewe nao una mambo yake. Mwaka 2003 Vikings walikuwa na ya 7, wakawa wanahangaika kubadilishana piki mpaka muda wao wa kuchagua ukaisha, Jacksonville wakawahi kupeleka jina la Byron Leftwich, Carolina nao wakapita na Jordan Gross, Vikings wakaja kuchagua kwenye 9. Walimchukua Kevin Williams, mtu wa katikati ya ukuta wa difensi, akawa miongoni mwa bora wa ligi kwa miaka mingi. Aliyekuwa na Williams kwenye majina yake matano usiku ule hakupoteza kitu.

Jumamosi jioni watu wengi wanazima TV raundi ya tano. Usizime. Stefon Diggs mwenyewe alikuwa wa raundi ya tano, piki ya 146 mwaka 2015, na Danielle Hunter mwaka huo huo alikuwa wa 88. Kwa raundi hizi majina hayakusaidii sana maana ni wengi mno, andika sifa: namtaka mvamizi mwenye mikono mirefu hata kama hajui bado, namtaka konabeki anayeweza kucheza timu maalum za mipira ya kupigwa. Wakichukua mtu mwenye sifa yako, jipe tiki.

Na piki ya mwisho ikishatajwa kuna dirisha la wasiochaguliwa, simu zinapigwa usiku ule ule. Acha nusu ukurasa. John Randle hakuchaguliwa 1990, leo yuko kwenye ukumbi wa heshima kule Canton. Adam Thielen, kijana wa Minnesota hii hii, alisoma Mankato karibu hapa, 2013 hakuna aliyemtaja raundi zote saba, akaja kufanya majaribio na akabaki. Daniel Adongo wa Kenya naye alitoka kwenye raga akasaini na Colts 2013 bila drafti. Andika majina matano ya watu uliowapenda ambao hawakutajwa, weka chuo na nafasi, funga daftari, piga picha kila ukurasa ukiwa na tarehe yake. Kwenye grupu letu tunatumiana hizo picha Jumapili asubuhi, halafu tunazifungua tena baada ya misimu mitatu.